Otto Glória: Mwalimu wa Mpira Aliyehamahama

Kuhamishwa ni sehemu ya maisha ya mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huu amepangiwa Lingeka, huko Meatu mkoani Simiyu. Baada ya miaka michache barua ya uhamisho humpeleka kwingine, na watoto aliowaanzisha hukabidhiwa mwalimu mwingine. Je, kazi ya mwalimu anayehama yaweza kudumu? Ili kulijibu swali hilo, tumeonelea vema kuwasimulia wanachuo maisha ya mtu ambaye darasa lake lilikuwa uwanja wa mpira.

Otto Martins Glória alizaliwa Rio de Janeiro, nchini Brazili, tarehe 9 Januari 1917. Alifundisha kandanda katika klabu za nchi yake, zikiwamo Vasco da Gama na Botafogo, kisha mwaka 1954 akavuka bahari kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, alikoajiriwa na klabu ya Benfica. Tangu hapo hakutulia mahali pamoja. Alipita Belenenses, Sporting na Porto za Ureno, Marseille ya Ufaransa na Atlético Madrid ya Hispania. Akarudi Benfica, akarudi Brazili, akaja Afrika, kisha akarejea tena Ureno.

Jambo la kwanza linalotupasa kulitazama ni namna alivyoanza kazi pale Benfica. Hakuanza kwa kuwafundisha wachezaji mbinu ngeni, bali kwa kutengeneza mazingira ya kujifunzia. Aliwataka waufanye mpira kuwa kazi yao kamili, akaweka utaratibu wa mazoezi, na likaanzishwa bweni ambamo vijana wa timu waliishi chini ya uangalizi. Matunda hayakuchelewa: Benfica ilitwaa ubingwa wa Ureno mwaka 1955 na tena mwaka 1957.

Jambo la pili ni jinsi alivyomtambua mwanafunzi. Mwaka huo huo wa 1954 aliwasili Benfica kijana kutoka Msumbiji, Mário Coluna, aliyezoea kucheza mbele kama mfungaji. Glória alimtazama, akamrudisha nyuma katikati ya uwanja, mahali ambapo nguvu zake na uwezo wake wa kuuona mchezo mzima ungewafaa wenzake. Coluna akawa kiungo mashuhuri na nahodha. Mwalimu asiyejua ila kuwapanga watoto kwa urefu wa vimo vyao, au kwa alama za mtihani mmoja, na azingatie mfano huu.

Glória aliondoka Benfica mwaka 1959. Mwaka 1961 na mwaka 1962 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Ulaya, naye hakuwapo. Aliyekuwa akiifundisha ni Béla Guttmann, mzaliwa wa Hungaria. Hata hivyo Coluna alikuwamo uwanjani na kufunga katika fainali zote mbili. Bweni nalo lilibaki, na humo ndimo alimopokewa kijana mwingine wa Msumbiji, Eusébio. Hili ndilo jibu la kwanza la swali letu: mwalimu huondoka, lakini utaratibu mwema na mwanafunzi aliyewekwa mahali pake hubaki.

Mwaka 1966 Glória aliifundisha timu ya taifa ya Ureno katika Kombe la Dunia nchini Uingereza. Iliishinda Brazili, nchi yake mwenyewe, kwa mabao 3 kwa 1. Ilipokutana na Korea ya Kaskazini ilikwisha kufungwa mabao 3 katika dakika 25 za kwanza, lakini haikutawanyika; ilishinda 5 kwa 3, na Eusébio alifunga manne kati ya hayo matano. Ureno ikamaliza katika nafasi ya tatu. Hata hivyo hatuna budi kukumbuka kwamba Coluna na Eusébio walivaa jezi ya Ureno kwa kuwa Msumbiji ilikuwa bado koloni lake, na wakati huo wenzao walikuwa wamekwisha kushika silaha kuudai uhuru, wakisaidiwa na Tanzania. Sifa za mwalimu zisitusahaulishe jasho na haki ya mwanafunzi.

Mwaka 1973 Glória alikuwa na klabu ya Portuguesa, mjini São Paulo. Fainali ya jimbo dhidi ya Santos ilikwisha bila bao, ikaamuliwa kwa mikwaju mitano ya penalti kwa kila upande. Baada ya mikwaju mitatu kila upande, Santos ilikuwa na mabao 2 na Portuguesa haikuwa na kitu. Mwamuzi akatangaza kuwa Santos imeshinda, ilhali kila timu ilikuwa na mikwaju miwili mkononi, na matokeo yangeweza kuwa 2 kwa 2. Inasimuliwa kwamba Glória aliling'amua kosa upesi kuliko wengine, akawahimiza vijana wake waondoke uwanjani ili mikwaju isiweze kuendelezwa. Ubingwa ukagawanywa kwa timu zote mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini ujanja huo sisi hatuwezi kuuweka mbele ya watoto kuwa kielelezo.

Afrika Mashariki ilikutana naye mjini Lagos mwaka 1980, alipokuwa akiifundisha Nijeria. Tarehe 8 Machi Kombe la Mataifa ya Afrika lilifunguliwa kwa mchezo kati ya wenyeji na Tanzania, iliyoingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Nijeria ilishinda 3 kwa 1; bao letu lilifungwa na Juma Mkambi. Tarehe 22 Machi Nijeria iliifunga Aljeria 3 kwa 0 na kulitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Mwaka uliofuata Aljeria ile ile iliifunga Nijeria nyumbani na ugenini, ikaizuia kwenda Kombe la Dunia. Mwaka 1983 Glória, akiifundisha Ureno tena, alifungwa mabao 5 kwa 0 mjini Moscow, akaiacha kazi. Timu aliyoiacha ikafuzu kwenda fainali za Ulaya za mwaka 1984 chini ya mwingine. Alifariki Rio de Janeiro tarehe 4 Septemba 1986.

Ndugu wanachuo, mwalimu hapimwi kwa ushindi wa siku moja wala kwa kushindwa kwa siku moja. Apimwe kwa yale yaliyosimama baada ya yeye kuondoka. Kabla ya kukabidhi darasa, na ajiulize: nimeacha utaratibu gani? Ni mtoto yupi niliyemtoa mahali pasipomfaa?

Kwa mazoezi ya kufundisha, tunashauri mambo mawili. Katika Jiografia, wanafunzi waonyeshe kwenye ramani nchi zote alizopita Glória. Katika Hesabu, waandike matokeo yote yaliyowezekana kama mikwaju minne iliyosalia ingepigwa, kisha wajadili kama ni haki kunufaika na kosa la mwamuzi.