Stanley Browne, munganga wa Yakusu aliyepigana na ukoma

Ukishuka mto Kongo kutoka Kisangani, baada ya kilometa karibu 20 unafika Yakusu. Hapo ndipo munganga Mwingereza Stanley Browne alifanya kazi miaka 23, tangu 1936 hadi 1959. Walokele walimuita Bonganga, yaani munganga kwa lugha yao. Baadaye dunia ilimjua kama mmoja wa mabingwa wakubwa wa ugonjwa wa ukoma.

Browne alifariki tarehe 29 Januari 1986, akiwa na miaka 78. Lakini jambo moja linalohusu wagonjwa kama wale aliowatunza bado linawasumbua wengi: kwa nini mtu aliyepona ukoma anaendelea kuwa na kidonda mguuni?

Kijana wa ofisi

Alizaliwa London mwaka wa 1907, katika familia isiyokuwa na mali. Aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Jioni, baada ya kazi, alisoma. Hatimaye alipata nafasi ya kusomea uganga katika King's College Hospital, akawa mpasuaji. Kabla ya kuja Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, alipitia Antwerp kusomea magonjwa ya nchi za joto.

Yakusu haikuwa pori tupu. Munganga Clement Chesterman, aliyefika mwaka wa 1920, alikuwa amejenga hospitali ya misioni ya Wabaptisti, amepambana na malale, na kuanza kuwafundisha vijana wa Kikongo kazi ya uuguzi. Browne aliendeleza kazi hiyo. Wauguzi waliosomea Yakusu ndio waliobeba mzigo mkubwa: waliongoza vituo vya afya vijijini, kandokando ya mto na ndani ya msitu, mahali ambapo munganga alipita mara chache tu.

Yalisombo

Katika safari zake za vijijini, Browne alikuta wagonjwa wengi wa ukoma. Wengine walifichwa na jamaa zao, wengine walifukuzwa. Huko Yalisombo, ng'ambo ya mto, kulikuwa na kijiji cha wagonjwa hao. Walijenga nyumba, walilima, na kutunzwa pale pale.

Wakati huo dawa iliyojulikana ilikuwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, yaliyochomwa kwa sindano yenye maumivu na faida ndogo. Mambo yalibadilika baada ya mwaka wa 1941, wakati wanganga wa Carville, Marekani, walipoanza kutumia dawa za sulfoni. Dawa hizo zilifika pia Yakusu, na kwa mara ya kwanza wagonjwa waliweza kurudi kwao bila vijidudu mwilini.

Kidonda kinachobaki

Hata hivyo, dawa inaua vijidudu tu. Hairudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha haribika. Mguu unabaki umekufa ganzi. Mtu anakanyaga mwiba au kaa la moto, hasikii kitu, anaendelea kutembea kwenda shamba.

Wengi waliamini kwamba ukoma unakula nyama ya mwili. Si hivyo. Nyama ya mtu huyo bado inaweza kujitengeneza. Ngozi ikikatwa, damu inaganda kwanza. Kisha chembe za kinga zinasafisha uchafu. Baada ya siku chache zinafika chembe ziitwazo fibroblasti. Hizo ndizo mafundi wa ujenzi: zinatengeneza nyuzi ngumu za kolajeni na kujaza shimo, na baadhi yake zinavuta kingo za kidonda zikaribiane. Mwisho wa kazi yao ni kovu.

Mwenye fahamu nzuri anachechemea, na maumivu yanampa fundi nafasi ya kumaliza kazi. Mwenye ganzi anakanyaga kidonda kila siku. Kinachojengwa usiku kinavunjwa mchana. Uchafu unaingia, unafika hadi kwenye mfupa, na vidole vinafupika.

Hata kikipona, kovu si sawa na ngozi ya zamani. Nyuzi zake zimepangwa vingine, halina tezi za jasho, halivutiki vizuri. Chini ya unyayo linapasuka upesi, na kidonda kinaanza tena mahali pale pale. Ndiyo sababu mtu aliyepona kabisa, asiyeweza kumwambukiza yeyote, aliendelea kukimbiwa na majirani: waliona kidonda, wakadhani ugonjwa bado upo.

Baada ya Kongo

Mwaka wa 1959 Browne alihamia Uzuakoli, Nigeria, kuongoza kituo cha utafiti wa ukoma. Huko, pamoja na mwenzake Hogerzeil, alijaribu dawa mpya, klofazimini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1962. Mwaka wa 1981, Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba ukoma utibiwe kwa mchanganyiko wa dawa, na klofazimini ni mojawapo hadi leo. Tangu 1966 hadi 1980 Browne aliongoza kituo cha masomo ya ukoma London, akizunguka nchi nyingi kueleza kwamba ukoma unatibika na kwamba mgonjwa hana sababu ya kutengwa.

Kongo bado inaandikisha maelfu ya wagonjwa wapya kila mwaka. Dawa ni za bure. Alama ya kwanza mara nyingi ni doa kwenye ngozi lisilosikia kitu ukiligusa. Anayeliona aende kituo cha afya kabla mishipa haijaharibika. Na kwa yule ambaye mguu wake umekwisha kufa ganzi, kinga ni viatu laini, kutazama nyayo kila jioni, na kuupumzisha mguu mara tu jeraha linapoonekana, hata kama haliumi.