Padre John Joseph Therry wa Sydney

Mji wa Sydney, katika Australia, ulianzishwa na Waingereza mwaka 1788 ili uwe mahali pa kupelekea wafungwa wao. Baadhi ya wafungwa hao walitoka Ireland, na wengi wao walikuwa Wakatoliki, lakini Serikali ilifuata Kanisa la Kiingereza. Mwaka 1803 waliruhusiwa kusomewa Misa. Mwaka uliofuata wafungwa wa Ireland wakaasi huko Castle Hill, na ruhusa ikafutwa. Padre mmoja aliyekuja bila idhini alirudishwa Ulaya mwaka 1818.

Therry alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1790. Alipopata habari za taabu ya watu wake alijitolea kuwaendea, akafika Sydney mwezi wa Mei 1820 kwa idhini ya Serikali, pamoja na Padre Philip Conolly. Mwaka wa pili mwenzake alihamia Tasmania, naye akabaki peke yake. Alisafiri mbali kwa farasi, akibatiza, akifungisha ndoa, akizika wafu, na kukaa na waliohukumiwa kunyongwa hata saa yao ya mwisho.

Tarehe 29 Oktoba 1821, Gavana Macquarie aliweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Mariamu. Wako waliomlaumu Therry kuwa jengo lile ni kubwa kupita kiasi, lakini yeye hakuacha kukusanya fedha.

Therry hakuwa mtu wa kunyamaza, na Serikali ilikuwa imekwisha kuchoshwa na ubishi wake. Mwaka 1825 aliandika gazetini kwamba anawaheshimu makasisi wa Kanisa la Kiingereza pasipo mpaka. Gazeti likakosea, likachapa kwamba heshima yake ina mpaka. Basi akaondolewa kazini, akanyimwa mshahara.

Je, alirudi kwao? La. Kwa miaka kumi na miwili aliendelea na kazi ile ile, akisaidiwa na michango ya watu, hata Serikali ilipomrudishia cheo mwaka 1837.

Alifariki Balmain, Sydney, tarehe 25 Mei 1864. Mwaka uliofuata kanisa lake liliungua, lakini Wakatoliki wa Sydney walijenga jingine kubwa zaidi mahali pale pale, na mifupa yake imelazwa chini yake.

Wanafunzi wenzangu, cheo hutolewa na wakubwa, nao waweza kukitwaa. Kazi aliyoichagua mtu kwa moyo wake hakuna awezaye kumnyang'anya.