Joseph Murumbi na Hazina Aliyoliachia Taifa

Chai tunayokunywa asubuhi na jioni huku Mombasa, kwa mahamri na mbaazi, aghalabu imetoka Kericho. Huchumwa katika mashamba ya huko bara, hutengenezwa viwandani, kisha ikateremshwa Mombasa kwenda kuuzwa mnadani. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1969 ukahamia mjini kwetu. Basi mtu wa pwani anakijua kitu cha watu wa Kapsoit hata kama hajapata kukanyaga huko. Lakini mtoto wa Kapsoit naye anajua nini cha kwetu, au cha Waafrika wengine? Mlango wa nakshi wa Lamu ameuona wapi? Kinyago cha Nigeria, au nguo iliyofumwa Ghana, nani amemwonyesha?

Mwalimu wa pwani ana nafuu katika jambo hili. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593 na ambayo Waingereza waliigeuza gereza, ilifanywa makumbusho mwaka 1960. Tangu hapo mwalimu wa Mombasa akitaka wanafunzi wake waone vyungu, sahani za Kichina na mizinga ya zamani, huwapanga mstari akaenda nao kwa miguu. Mwalimu wa Kapsoit hana ngome ya kuiendea. Kwake majani ya chai yamejaa hadi upeo wa macho, na sanaa za Afrika nyingi huzisoma kitabuni tu.

Mtu aliyejitahidi kuzikusanya sanaa hizo pahala pamoja, ili zibaki katika nchi hii, ni marehemu Joseph Murumbi. Wengi wamkumbukao humkumbuka kwa siasa, kwamba alipata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Hiyo ni kweli, lakini kiti hicho alikikalia kwa miezi tu. Kazi ya kukusanya aliifanya kwa miaka mingi, na ndiyo iliyobaki.

Murumbi alizaliwa tarehe 18 Juni 1911 huko Eldama Ravine, kituo kilicho karibu na Londiani, upande wa juu wa nchi ya Kericho. Baba yake alikuwa Mgoa mfanyabiashara aliyeitwa Zuzarte, na mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni. Kwa hiyo alizaliwa kati ya watu wa namna mbili, katika siku ambazo serikali ya kikoloni ilimpangia kila mtu shule yake, mtaa wake na mshahara wake kwa kutazama rangi. Angali mdogo alipelekwa Bara Hindi kusoma, na huko akakulia. Aliporudi Kenya alikuwa kijana, na ilimpasa aamue atahesabiwa na nani. Angeweza kujiweka upande wa baba, uliokuwa na heri zaidi kwa mshahara na makazi. Yeye alichagua upande wa mama, akalichukua jina la Murumbi, na kwa jina hilo dunia ikamjua.

Miaka ya 1940 aliitumia zaidi Somalia, akifanya kazi katika utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliishi miongoni mwa Waislamu wa mwambao ule unaoendelea kaskazini ya Lamu. Baadaye aliingia katika chama cha KAU. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, Murumbi alikuwa miongoni mwa waliobaki nje na kuishika kazi ya chama. Pamoja na rafiki yake Pio Gama Pinto, alihangaika kutafuta mawakili wa kuwatetea waliokamatwa. Mwaka 1953 aliondoka nchini, akapitia Bara Hindi hadi London, na hakurudi mpaka mwaka 1962.

Huko London alifanya kazi katika harakati za kupinga ukoloni, na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Huko ndiko alikomwoa Sheila, bibi wa Kiingereza aliyekuwa mkutubi. Na huko ndiko mapenzi yake ya vitabu yalikokomaa. Alivitafuta vitabu vya zamani vilivyoandikwa juu ya Afrika, kimoja leo na kingine kesho, kwa kadiri ya mfuko wa mtu aliye uhamishoni. Baadaye akaongeza vinyago, sanamu, nguo, mapambo, na hata stempu za posta.

Watu walijiuliza vipi mpigania uhuru akahangaikia vinyago. Lakini msomaji akifikiri kidogo ataona kwamba mambo hayo mawili yana shina moja. Mtawala alidai kwamba Mwafrika hakuwa na historia wala ustadi, na kwa hiyo hakustahili kujitawala. Hoja hiyo mwanasiasa huijibu kwa hotuba. Kinyago kilichochongwa kwa ustadi miaka mingi kabla ya mkoloni kufika huijibu bila ya kusema neno. Ila hakina budi kuonekana. Kikikaa katika nyumba ya tajiri wa ng'ambo hakimjibu mtu.

Baada ya uhuru Murumbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na safari zake barani Afrika zilimpa nafasi ya kuongeza alivyokusanya. Kisha likatokea jambo lililomvunja moyo. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto alipigwa risasi akafa, mchana, nje ya nyumba yake Nairobi. Mwezi wa Mei 1966 Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais badala ya Oginga Odinga, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha jiuzulu. Sababu iliyotolewa ni afya. Wengi waliomjua waliamini kwamba kifo cha Pinto kilikuwa na sehemu yake katika uamuzi huo.

Alipoiacha siasa aliingia katika biashara, na wakati wake mwingine akaupa sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Sheila, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walianzisha African Heritage mjini Nairobi, nyumba ya kuonyesha na kuuza kazi za mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Wachongaji, wafumaji na wafinyanzi walipata pahala pa kuthaminiwa, na Wakenya wakapata pa kutazama kazi za ndugu zao wa Afrika Magharibi na Ethiopia bila ya kupanda ndege.

Mali aliyoikusanya ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa nyumba ya mtu mmoja. Palikuwa na maelfu ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, nyaraka zisizo na idadi, na kazi za sanaa za kila namna. Wanunuzi wa nchi za nje walivitaka vitu hivyo. Murumbi aliwakataa, na katika miaka ya 1970 akaiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Matumaini yake yalikuwa kwamba nyumba ile itakuwa chuo cha mambo ya Kiafrika, pa kuendea mwanafunzi na mtafiti.

Sisi Waislamu twaijua wakfu. Mali ikiwekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Manufaa yake huenda pale alipotaka mwenyewe aliyeiweka, na msimamizi ni mtumishi tu. Murumbi alikuwa Mkristo, na mali yake aliiuza, basi hukumu ya wakfu haikumhusu. Lakini nia yake ilikuwa karibu na hiyo. Kilichokosekana ni msimamizi wa kuishika nia hiyo baada ya karatasi kutiwa saini. Chuo hakikuanzishwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa na kiwanja kikagawanywa. Mwenyewe alikuwa yu hai, na huzuni yake wanaisimulia waliokuwa karibu naye.

Murumbi alifariki tarehe 22 Juni 1990. Alizikwa City Park, Nairobi, kwa kuwa alitaka kulala karibu na rafiki yake Pinto aliyezikwa makaburi ya hapo. Sheila naye alizikwa kando yake. Mwaka 2009 pahala hapo pakafanywa bustani ya kumbukumbu, pamewekwa sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki.

Tushukuru kwamba vitu vyenyewe havikupotea pamoja na nyumba. Vitabu na nyaraka viliwekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katika lile jengo la zamani la benki lililoelekeana na sanamu ya Tom Mboya, na chini yake pana ukumbi wa sanaa wenye jina la Murumbi. Sehemu nyingine ya mali yake na ya Sheila imewekwa Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Katika jengo hilo ndipo panapohesabiwa umbali wa barabara za Kenya. Jiwe la barabarani likimwambia msafiri wa Kericho kwamba Nairobi iko kilomita kadha wa kadha, hesabu yake imeanzia hapo.

Basi kutoka Kapsoit njia ipo: Kericho, Nakuru, Naivasha, mpaka mlangoni. Ni safari ndefu na ya gharama kwa shule ya watoto wa wachuma chai, na si kila mwaka itawezekana. Siku hizi ziko picha za mkusanyiko huo katika intaneti, na mwalimu mwenye simu anaweza kuwaonyesha wanafunzi darasani na kuwaeleza kipi kimetoka wapi. Hilo ni jema, na lianze hata kesho. Lakini picha ya kinyago haina uzito wala harufu ya mti, na mtoto aliyekiona chenyewe hakisahau.

Nasi tulio pwani tuna la kujifunza. Katika nyumba zetu bado kuna milango, vitabu vya mkono, viti vya enzi na mapambo ya mabibi zetu, na wanunuzi wanabisha hodi kila siku. Aliye na kitu kama hicho na akakusudia kukitoa kwa manufaa ya watu, asiishie kwenye nia. Aandike, aweke masharti, na amtafute msimamizi mwaminifu angali hai. Murumbi alikuwa waziri na Makamu wa Rais, na bado nyumba yake ilibomolewa.