Willis Hotchkiss na Safari ya Neno Moja

Wapendwa, kabla ya kwaya kuimba wimbo wowote wenye neno Mwokozi leo, tumkumbuke Willis Hotchkiss, Mmarekani wa Kanisa la Marafiki.

Alifika Mombasa mwaka 1895 pamoja na Peter Cameron Scott na wenzao wa Africa Inland Mission. Reli ilikuwa bado kujengwa, basi wakaenda Ukambani kwa miguu. (Sisi matatu ya Kericho ikichelewa tunaahirisha mazoezi.) Scott aliaga dunia Desemba 1896. Wengine nao wakafariki au wakarudi kwao, hata Hotchkiss akabaki peke yake kwa muda.

Alijifunza Kikamba kwa kusikiliza, akiandika neno baada ya neno daftarini. Alilolitaka kuliko yote, la kuokoa, lilimpiga chenga kwa zaidi ya miaka miwili. Ndipo jioni moja Mkamba mmoja akasimulia jinsi alivyomnusuru mzungu aliyeshambuliwa na mnyama mkali. Neno lilikuwa humo ndani ya hadithi. Mimi mwalimu nimejaribu kufikiria kuhubiri miaka miwili bila neno hilo, nikashindwa.

Kitabu cha Matendo kinauita ufuasi wa Yesu Njia, na Hotchkiss hakuacha kutembea. Mwaka 1902 alikuwa Kaimosi pamoja na Arthur Chilson na Edgar Hole. Mwaka 1905 akaja huku kwetu kwa Wakipsigis, upande wa Kericho, akaanzisha misheni ya Lumbwa. Akakuta lugha isiyo na undugu wowote na Kikamba. Daftari likafunguliwa upya.