Maisha ya Apolo Kivebulaya wa Mboga

Huku Muyama, na katika nchi yote ya juu ya Kasulu na Kibondo, vijana wengi huwaendea wazee wao na swali moja: Je, nimewekewa kazi gani hapa duniani? Swali hili si geni kwetu. Zamani za Waingereza wana wengi wa Uha walitoka makwao wakaenda manamba katika mashamba ya mkonge ya pwani. Wengine walijua sababu ya safari yao, yaani kodi au mahari. Wengine walifuata nyayo za wale waliotangulia, wala hawakujiuliza neno. Siku hizi njia ni nyingine, lakini swali ni lile lile. Kwa hiyo nimeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Uganda, aliyelitafuta kusudi lake kwa muda mrefu, akalipata alipokuwa ametulia kimya, naye hakuliacha hata kaburini.

Mtu huyu alizaliwa katika Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, tena ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Kwa hiyo akaitwa Waswa kwa desturi ya Waganda, kama vile sisi Waha tumwitavyo Bukuru. Alikua katika nchi yenye ghasia nyingi. Mafundisho mapya yalikuwa yamefika kwa mfalme, ya Waislamu, ya Waprotestanti na ya Wakatoliki, na kila mtu alivutwa huku na huku. Mwaka 1884 kijana Waswa alimsikia Alexander Mackay, fundi na mwalimu kutoka Scotland, akifundisha habari za Injili. Maneno yale yaliingia masikioni mwake, lakini hayakushuka moyoni. Mwaka 1885 na 1886 Mfalme Mwanga aliwaua Wakristo wengi, na tangu mwaka 1888 vikaja vita vya dini. Waswa naye akashika silaha. Akawa askari, akafuata kundi moja, kisha kundi jingine. Akavuta bangi, akaishi maisha ya askari wa siku zile. Nguvu alikuwa nazo, ushujaa alikuwa nao, lakini mwelekeo hakuwa nao. Alikuwa kama mtumbwi wenye makasia mazuri usio na mwenye kuuongoza.

Mwisho wa mwaka 1893 jambo lilitokea katika Buganda ambalo yatupasa kulikumbuka. Mwalimu mmoja, George Pilkington, aliona kwamba kazi yake ni nyingi na moyo wake ni mkavu. Akaacha shughuli zote, akavuka maji mpaka kisiwa cha Kome katika Ziwa Viktoria, akakaa huko katika kuomba na kutafakari. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, na kanisa la Mengo likaamka pamoja naye. Tangu hapo walimu wengi Waganda walijitoa kwenda nchi za mbali. Tazameni, mamia ya safari zilianza kwa sababu mtu mmoja alikubali kukaa kimya siku chache.

Waswa alikuwa miongoni mwa walioguswa katika miaka ile. Katika Buganda mtu aliyekuwa akijifunza Ukristo aliitwa msomaji, maana kusoma ndiko kulikokuwa mlango. Kitabu kilikuwa adimu. Kwa hiyo watu walisoma polepole, neno kwa neno, wakalichukua neno lile shambani na njiani, wakalifikiri hata jioni. Kwa njia hiyo mkorofi yule alijifunza kutulia. Januari 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo, yule Myahudi wa Iskanderia aliyekuwa hodari katika maandiko. Watu wakamwongezea jina la Kivebulaya, maana yake kitu kitokacho Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilolivaa pamoja na kanzu yake. Mkewe alikuwa amefariki, naye hakuoa tena.

Mwaka ule ule wa 1895 akapelekwa Toro kuwa mwalimu. Toro ni nchi iliyo chini ya milima ya Ruwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji. Ng'ambo ya milima, upande wa magharibi, uko mto Semliki, na ng'ambo ya mto iko nchi ya Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili walikuwa wametangulia kwenda Mboga, lakini mtawala wa huko, jina lake Tabaro, aliwakatalia chakula, wakashindwa kukaa. Basi ilipoulizwa ni nani atakayekwenda mahali pao, Apolo akakubali. Akaingia Mboga mwishoni mwa mwaka 1896.

Mwanzo wa kazi ulikuwa mgumu. Tabaro hakupenda kuambiwa aache ulevi na wake wengi, akakataza watu wasimwuzie mwalimu chakula. Apolo hakulalamika. Alichukua jembe akalima mwenyewe, akajenga mwenyewe, na watu waliomcheka mchana wakaja jioni kusoma. Alipigwa, na nyumba ya kusomea ikachomwa moto. Kisha likaja jambo baya kupita yote. Dada yake Tabaro alijikwaa, akaangukia mkuki wa Apolo uliokuwa umewekwa nyasini, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Wakamfunga, wakampeleka Toro kwa mkubwa wa serikali, akatiwa gerezani.

Hapa, wapenzi wasomaji, ndipo penye kiini cha habari hii. Katika gereza lile Apolo hakuwa na kazi ya kufanya, wala wanafunzi, wala jembe, wala rafiki wa kumtetea. Kila kitu kilichomfanya ajione kuwa mtu wa maana kilikuwa kimeondolewa. Yamkini mtu mwingine angalitumia siku zile kuhesabu maovu aliyotendewa. Apolo alizitumia katika kuomba na kufikiri. Naye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba hayuko peke yake. Tangu hapo hofu ilimtoka, wala haikumrudia.

Nani apime maono ya mtu mwingine? Lakini matunda yake twaweza kuyapima. Alipofunguliwa, kwa kuwa hatia haikuonekana kwake, njia mbili zilikuwa mbele yake. Ya kwanza ilikwenda mashariki, Buganda, kwa ndugu na heshima. Ya pili ilikwenda magharibi, kwa yule aliyemfunga. Apolo akavuka Semliki mara ya pili, akarudi Mboga. Tabaro alipomwona mtu aliyemtesa amerudi bila silaha na bila kinyongo, moyo wake ukageuka. Hata mwisho Tabaro mwenyewe akajifunza, akabatizwa.

Walakini nia ya mtu haijaribiwi kwa mateso tu. Hujaribiwa pia kwa kungoja. Wazungu walikuwa wakigawanya nchi, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo. Kwa sababu hiyo Apolo ilimlazimu kukaa Toro miaka mingi. Hakukunja mikono. Mwaka 1900 akawekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Alitembelea vijiji, akajenga makanisa, akafundisha, akalea watoto wasio na wazazi. Alikuwa na desturi ya kuandika habari za siku zake katika kitabu kwa lugha ya Kiganda, na kitabu hicho kilikuwa kama kioo ambamo alitazama kama miguu yake ilikuwa ikifuata moyo wake. Katika miaka hiyo hakuisahau Mboga. Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikiendelea, mambo ya mpaka yakiwa yamekwisha kuamuliwa, akarudi huko akaishi.

Mwaka 1921, alipokuwa na umri wa karibu miaka 60, umri ambao wengi wetu hufikiri kiti cha kupumzikia, Apolo alianza kazi mpya. Alisukumwa moyoni kuingia ndani ya msitu kwa Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda. Majirani zao waliwadharau, hata wengine hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Wambuti walihama mara kwa mara wakifuata wanyama na asali, na vibanda vyao vya majani vilijengwa kwa saa chache, vikaachwa. Kwa hiyo haikufaa kujenga nyumba kubwa na kungoja waje. Mzee yule akafuata njia zao nyembamba, akaketi pamoja nao, akala walichokula, akajifunza kuwasikiliza kabla ya kusema. Kidogo kidogo wakamwamini, na wengine wakabatizwa kabla hajafa.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya mahali pale ilikuwa kuwazika watu vichwa vikielekea mashariki. Apolo alikuwa ameagiza kwamba yeye azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, ili hata maiti yake iwaonyeshe waliosalia mahali ambapo kazi haijaisha. Wakafanya kama alivyoagiza. Nao waliosalia waliendelea, na Kanisa la Anglikana la Kongo humhesabu kuwa mwanzilishi wake.

Sasa tujifunze nini? Kwanza, kusudi la maisha halisikiki katika makelele. Apolo alikuwa shujaa vitani, lakini vita havikumwambia aende wapi. Pilkington alihitaji kisiwa; Apolo alipewa gereza. Wewe hukosi mahali: uko uvungu wa mgomba, iko saa ya alfajiri kabla ya jembe, uko mlango wa kanisa siku isiyo ya ibada. Keti hapo, ukayafikiri maisha yako mbele za Mungu, wala usiwe na haraka ya kuondoka.

Pili, kutafakari kusikozaa nia ni ndoto ya mchana. Apolo alipotoka katika ukimya wake alijua jina la mahali, na jina la mtu, na njia ya kufika huko. Ukisema tu kwamba utakuwa mwema, hujasema neno. Sema ni jirani gani utakayepatana naye, ni yatima gani utakayemlea, ni kazi gani utakayoianza kabla ya mvua kunyesha. Iandike, kama yeye alivyoandika, ili baada ya mwezi uione na ujipime.

Tatu, nia njema haifi kwa kucheleweshwa. Kijana aliyekosa shule mwaka huu, mama aliyefungwa na ugonjwa wa mtoto, mzee anayedhani kwamba wakati wake umepita, na wamtazame mtu huyu aliyengojea miaka mingi ng'ambo ya mto, kisha akaanza kazi yake kubwa kichwa kikiwa na mvi.

Bwana atujalie moyo wa kutulia na kusikia, na miguu ya kwenda tulikoonyeshwa. Amina.