Ilya Metchnikoff na Habari za Maziwa Yaliyochacha

Katika mtaa wa Eastleigh, mashariki ya mji wa Nairobi, madumu ya maziwa ya ngamia huteremshwa kutoka Isiolo, na akina mama wa Kisomali huyauza, mabichi na yaliyochacha. Wako wasemao kwamba yaliyochacha hayana madhara, kwani uchachu umekwisha kuua kila kidudu. Neno hili lina ukweli, lakini halikukamilika. Nasi twaona yafaa kulipima kwa maisha ya Ilya Metchnikoff.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkov, katika nchi iitwayo leo Ukraine, wakati huo ikitawaliwa na mfalme wa Urusi. Angali kijana alisomesha elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Odessa. Mkewe wa kwanza alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1873, na msiba ule ulimlemea sana.

Mwaka 1882 alikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko alichukua watoto wa kiti cha pweza, mnyama ajulikanaye na kila mvuvi wa pwani yetu. Akiwa mchanga, mwili wake huonyesha ndani mithili ya kioo. Metchnikoff aliwachoma vijimiba vya mwaridi, na kulipopambazuka akatazama kwa hadubini: chembe za mwili zimeuzunguka mwiba pande zote. Akafahamu kwamba mwili una askari wake, wamezao vidudu vya maradhi. Wataalamu wengi walimpinga miaka mingi. Pasteur alimpa mahali pa kazi Paris mwaka 1888, na mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Alipokuwa mtu mzima alidhani kwamba uzee huletwa na uozo ulio katika utumbo mpana. Alisikia kwamba wakulima wa Bulgaria hunywa maziwa yaliyochacha na kuishi sana. Na mwaka 1905 Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva, alikwisha kukiona kidudu kiyachachacho. Kazi ya vidudu hivi ni kula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo huingia ndani ya vidudu viozeshavyo na kuvizuia visizaane. Ndiyo maana mtindi hukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Metchnikoff alikunywa maziwa hayo miaka mingi, lakini alishauri yachemshwe kwanza, kisha yatiwe hamira safi ya vidudu vilivyochaguliwa. Uchachu huvidhoofisha vidudu vingi, bali hautegemewi kuvimaliza vile vya homa ya bruselosisi, ambavyo hutoka kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi kwa njia ya maziwa mabichi. Kuchemsha huviua. Basi moto hutangulia, uchachu ukafuata. Na kibuyu kilichofukizwa moshi, kizuri kama kilivyo, hakishiki mahali pa sufuria.

Alifariki Paris mwaka 1916, umri wake miaka 71. Baadaye wataalamu waligundua kwamba kidudu cha Bulgaria hakikai katika utumbo wa mtu kama alivyotaraji. Lakini mwaka 1928 ilionekana kwamba ndugu mmoja wa vidudu vya maziwa hutoa, zaidi ya asidi, sumu inayovizuia vidudu vingine. Sumu hiyo, iitwayo nisini, haimdhuru mlaji, na leo hutiwa katika jibini ili isiharibike.