Mwalimu Nyerere na Siri ya Kusikilizwa

Ndugu msomaji, wasemaji ni wengi, lakini wenye kusikilizwa ni wachache. Mtu aweza kuwa na sauti kubwa, elimu nyingi na cheo cha juu, na bado maneno yake yakaanguka chini kabla ya kufika katika nyoyo za watu. Kwa nini huwa hivyo? Ili tupate jibu, na tuyatazame maisha ya hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na hasa mambo mawili yaliyotokea katika Nyanda za Juu za Kusini: la kwanza la Iringa, la pili la Mbeya.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, kisha akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alikwenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Katika mji ule alikuwa mgeni. Yeye alikuwa Mkatoliki, na wazee wengi wa pale walikuwa Waislamu. Hata hivyo alikaa nao kwa adabu na kuwasikiliza, nao wakampokea kama mtoto wao. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya shule, lakini ualimu haukutoka katika ulimi wake. Alisema Kiswahili chepesi, akauliza umati maswali kama aulizavyo mwalimu darasani, akawachekesha, na nyoyo zilipokwisha kufunguka ndipo alipoliweka neno zito.

Tena aliijua hatari ya kipawa hicho. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Humo Brutus anawaeleza Warumi sababu za kumwua Caesar, nao wanamkubali. Baada yake anasimama Antony, anaanza na majonzi yao, anawaonyesha majeraha ya maiti, na umati ule ule unageuka na kwenda kuchoma nyumba. Basi kuujua moyo wa watu ni nguvu iwezayo kujenga na iwezayo kubomoa.

Sasa twende Iringa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wananchi walitakiwa kuanzisha vijiji vya ujamaa. Mwaka 1968 Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba vijiji hivyo haviwezi kujengwa kwa nguvu. Kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi. Lakini Isimani, palipokuwa na wakulima wakubwa wa mahindi, jambo hilo lilileta uhasama. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima mmoja baada ya kugombana naye. Mkulima huyo naye alihukumiwa kifo. Mwezi wa Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo, lililotilia mkazo kilimo bora.

Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kulazimishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alikiri waziwazi kwamba makosa yalifanyika. Tazama, ndugu msomaji: hata msemaji hodari kuliko wote nchini, pale amri iliposhika mahali pa hoja, alipata miguu ya watu bila kupata nyoyo zao.

Jambo la pili ni la Mbeya, tarehe 1 Mei 1995. Mwalimu alikuwa amekwisha kuacha urais tangu 1985 na uenyekiti wa chama tangu 1990. Hakuwa na askari wala cheo cha kumtisha mtu; alikuwa na maneno tu. Mbele yake walikuwa wafanyakazi katika sherehe ya Mei Mosi, na uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa karibu. Aliwasemea juu ya rushwa, ukabila na udini. Aliwakumbusha sheria ya miaka ya mwanzo ya Uhuru: mla rushwa hufungwa miaka miwili na kupigwa viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, ili akamwonyeshe mkewe. Watu walicheka, na katika kicheko kile waliuona ubaya wa rushwa kuliko ambavyo wangeuona kwa kukemewa. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, lakini hotuba ile ingali inasikilizwa hadi leo.

Basi wewe unayetaka kumweleza jirani yako lile unaloliamini kuwa la kweli, jipime kwa mizani hii. Je, umekwisha kumsikiliza kabla ya kusema? Je, wataka akuelewe, au wataka akutii tu? Anayelazimishwa huinamisha kichwa, na moyo wake ukabaki ulipokuwa. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kweli na masikio yenye subira.